Kochi la Oktoba: Uchunguzi wa Ukarabati wa Viti vya Nyumbani Kericho na Bomet

Ukarabati wa kochi, yaani kazi ya kuvua kitambaa kikuukuu, kurekebisha fremu, kubadilisha kijazo cha ndani na kuvika kitambaa kipya, huhesabiwa na wengi kuwa sehemu ya useremala na ushonaji; lakini katika kaunti za Kericho na Bomet ingefaa zaidi iwekwe chini ya elimu ya hali ya hewa, na sehemu yake iliyobaki chini ya elimu ya fedha. Sababu ni kwamba katika nchi hii ya chai, pesa za kulikarabati kochi na jua la kulikausha havijapata kukubaliana mwezi wa kukutana.

Mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo wa Kenya ulioanzishwa mwaka wa 1964, kama vile Litein, Mogogosiek na Kapkoros, hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwezi kwa mwezi, kisha hupokea malipo ya kufunga mwaka yaitwayo bonasi, ambayo kwa desturi huingia karibu na Oktoba. Ni katika wiki ya bonasi ambapo mwenye nyumba hulitazama kochi lake, pengine kwa mara ya kwanza tangu bonasi iliyotangulia, akagundua kwamba upande mmoja umezama. (Anayeketi upande huo ni yeye mwenyewe, ila jambo hilo halijadiliwi.) Huulizia bei ya fundi, akashtuka, akaazimia kuifanya kazi kwa mikono yake. Wakati huohuo, unyevu wa Ziwa Viktoria husukumwa na upepo kupanda nyanda hizi zilizo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukapoa na kuanguka alasiri, mara nyingine kama mvua ya mawe, hata jumla ya mwaka mjini Kericho ikakaribia milimita 2,000. Miezi yenye nafuu ni Desemba hadi Februari, na ifikapo Januari bonasi imekwisha kugeuka karo.

Hatua ya kwanza ni kuvua, na hapa mambo huenda vizuri mno. Kitambaa cha juu hung'olewa kwa bisibisi na koleo, na chini yake hukutwa kingine cha zamani zaidi, kwa kuwa kuna mafundi wanaovika kipya juu ya kikuukuu. Hivyo mwenye nyumba hurudi nyuma kihistoria, kutoka mahameli hadi reksini, ambayo ni kitambaa kilichopakwa plastiki kikafanana na ngozi, na kutoka reksini hadi gunia. Kati ya matabaka hayo hupatikana vijiko, kalamu, sarafu zenye sura ya rais wa zamani, risiti za kupimia majani, na rimoti ambayo mtoto mmoja wa nyumba hiyo aliwahi kuadhibiwa kwa kuipoteza. Haujapatikana utaratibu wa kurudisha adhabu.

Kwa upande wa fremu, mguu uliovunjika hubadilishwa kwa kipande kutoka lundo la kuni, na lundo la kuni katika eneo hili aghalabu ni la mkaratusi, mti unaopandwa kwa wingi ili kuwasha boila za viwanda vya chai. Mkaratusi mbichi hujikunja unapokauka, kiasi kwamba kochi lililosimama sawasawa Oktoba huanza kuinamia dirishani Novemba. Mgrevilea wa mpakani mwa shamba ungefaa zaidi, lakini huo bado umesimama na una mzinga wa nyuki.

Kijazo cha siku hizi ni sponji ya poliyurethani, kemikali iliyobuniwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka wa 1937, na ile ngumu isiyobonyea haraka, ambayo madukani huitwa hai-densiti, huuzwa kwa bei inayomkumbusha mnunuzi magodoro aliyo nayo nyumbani. Kanuni ya fani hii ni kwamba sponji ikatwe ikizidi kidogo kipimo cha kiti ili kitambaa kiibane; mwanagenzi huikata sawa na kiti, akaona imepinda, akainyoosha kwa kuipunguza, na mwisho akabaki na mto unaocheza ndani ya mfuko wake. Godoro lililokatwa kwa kawaida ni la mtoto aliye katika shule ya bweni, na hesabu hiyo huwa sahihi kabisa hadi shule zinapofungwa.

Mahameli nayo ina siri yake. Vinyweleo vyake hulalia upande mmoja, na mwanga ukivigonga kutoka pande tofauti, rangi huonekana tofauti. Kwa hiyo vipande vyote hukatwa vikielekea upande mmoja, hata kama kufanya hivyo kunapoteza kitambaa. Anayegeuza kimoja ili kuokoa nusu mita huishia na mgongo mwekundu na kikalio cha zambarau, na wageni wakamuuliza kwa upole iwapo kitambaa kilipungua.

Msiba wenyewe, hata hivyo, ni vanishi, yaani kile kimiminiko angavu cha kulinda na kung'arisha mbao. Vanishi ya mafuta hukauka kwa kiyeyushi chake kupaa hewani na mafuta yake kushikamana kwa msaada wa oksijeni. Baridi ikishuka na hewa ikijaa maji, kazi hiyo huzorota, na mkono wa kochi ukabaki na unato kwa siku nyingi. Linalodhalilisha ni kwamba si mbali na baraza ambako kochi hilo linakaushwa kuna kiwanda ambacho mashine yake hulipokea jani ambalo zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, ikalikausha hadi unyevu wa takriban asilimia 3 kwa muda usiozidi nusu saa. Kiwanda hicho hakipokei makochi. Hata wenye mali waliwahi kushindana na anga hili: mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya Kericho yalihudumiwa na ndege zilizotawanya mawinguni iodidi ya fedha, chumvi inayochochea kuundwa kwa barafu, kwa nia ya kupunguza mvua ya mawe. Mwenye kochi ana turubai.

Kisha hufika Desemba, mwezi wa sherehe, ikiwemo koito, hafla ambapo jamaa wa kijana huenda nyumbani kwa msichana kukubaliana mahari. Heshima inadai mzee mgeni aketishwe kwenye kiti kizuri kuliko vyote, nacho ndicho kilichopakwa vanishi karibuni zaidi. Mzee hulaza mikono yake juu ya mikono ya kochi, hunena kwa saa kadhaa, na anapoinuka huinuka na kochi kidogo kabla ya kuachana nalo kwa sauti inayosikika hadi jikoni. Haijathibitishwa kwamba tukio la namna hii hubadilisha idadi ya ng'ombe, ingawa pande zote mbili zina maoni.

Kilichobaki hufichwa na vitambaa, yaani vile vilivyofumwa kwa mkono na kutandazwa migongoni na mikononi mwa makochi. Wapo wanaovidharau kuwa ni ushamba. Hao hawajawahi kukata mahameli. Msomaji ambaye kochi lake liko wazi barazani hivi sasa, naye anatarajia wakwe kabla ya Krismasi, anaombwa aweke oda ya viti vya plastiki vya kukodi mapema, kwa maana jirani yake naye alipata bonasi.