Jinsi ya Kutafiti kwa Hadithi Bila Kuiba Hadithi

Mjini Mombasa, ukivuka feri kwenda Likoni, dodoso liache mkobani. Ukimuuliza mzee wa Mtongwe, "Mwaka 1997 ulikuwa wapi?" atakujibu kwa adabu kwamba alikuwa safarini. Usimlaumu. Tarehe 13 Agosti mwaka ule wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, watu wakauawa, maelfu wakayahama makao yao, kisha ikaja misako. Swali hilo linanuka upolisi hata likiulizwa na mwanachuo mpole.

Mpe karatasi pana na kalamu nene, umwombe auchore mtaa ulivyokuwa: msikiti, kisima, njia ya kuteremkia ferini. Mkono ukianza kazi, mdomo huufuata. "Hapa alikaa jirani yangu wa bara, akiuza mboga." Hilo ndilo jibu ulilolijia. Akiiweka kalamu chini, nawe funga daftari; siku hiyo imekwisha, hata kama mfadhili anataka kurasa ishirini.

Kisauni, waachie vijana mchezo wa jukwaani. Hapa watafiti wengi huharibu. Kijana anaigiza Juma aliyekamatwa usiku na kutakiwa atoe kitu kidogo, pazia likishuka, mtafiti anamkimbilia: "Juma ni wewe, sivyo?" Mwache! Juma ni kinga yake. Bila Juma asingesema, na ukimvua Juma mbele ya watu umemweka hatarini, kisha unakwenda zako kulala Nyali. Swali lako liwe kwa watazamaji: Juma angefanyaje? Asiyekubali apande jukwaani aigize njia yake, kama alivyofundisha Augusto Boal wa Brazil. Mabishano yatakayozuka ndiyo data yako. Yanase yote, pamoja na kicheko.

Wala usiwaletee mchezo uliokwisha andikwa Nairobi. Katika miaka ya 1980, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Mwanza, wakajenga michezo juu ya ngoma za wenyeji na shida walizozitaja wenyewe. Ngoma ya sengenya ipo Likoni. Kwa nini uende na wimbo wa semina?

Changamwe, kamera wapewe kina mama. Wao ndio wachague kama ni mtaro, lori au bomba lisilotoa maji, kisha waeleze kwa nini. Picha ikiwa na uso wa mtu, omba ruhusa yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakudai hivyo, na utu ulikudai kabla ya sheria.

Mpiga ngoma ni fundi, mlipe kama fundi. Malipo yake usiyafiche kwenye bajeti kwa jina la "viburudisho".

Ukimaliza kuandika, rudi ukaonyeshe matokeo kwa mchezo, uwanjani, kwa Kiswahili. Mtu akisimama na kusema, "Sivyo ilivyokuwa," mpe kipaza sauti, halafu kairekebishe ripoti kabla haijakwenda kwa mfadhili.