Korongo Bila Jasho

Mkutano umekwisha Ijumaa, ndege ni Jumapili, na kitambulisho cha Tume ya Ulaya bado kinaning'inia shingoni kwa sababu, tuseme ukweli, kinakupendeza. Umefikia hoteli ya mtaa wa Quartier européen, Brussels, hatua chache kutoka Bunge la Ulaya. Nyumbani wanangoja picha, na Berlaymont, jengo la Tume hiyo, halijawahi kumfurahisha shangazi wa mtu yeyote. Unahitaji mto, majabali, na wewe mwenyewe mbele yake. Vyote vinapatikana Jumamosi moja bila kuumiza magoti. Nisikilize.

1. Chagua korongo la karibu, na usimwambie mtu kwamba ni karibu.

Nenda Dinant, kusini mwa Namur. Mto Meuse unafika pale ukitoka Ufaransa, umelikata jabali la chokaa, na mji umejibana kati ya maji na mwamba hadi nyumba zimejipanga mstari mmoja. Ukipanda mto kidogo unakutana na miamba ya Freyr, zaidi ya mita 100 kwenda juu, wima, na wapandaji wakining'inia kwa kamba. Kwenye picha hakuna atakayejua kwamba asubuhi hiyo ulikunywa chai hotelini.

2. Kataa safari ya nchi mbili.

Utauziwa basi linaloahidi Luxembourg na Dinant kwa siku moja, na utavutiwa, kwa kuwa nchi mbili zinasikika vizuri kuliko moja. Piga hesabu kwanza. Kutoka Brussels hadi jiji la Luxembourg ni zaidi ya kilomita 200. Ongeza kurudi, foleni, chakula, na yule abiria anayechelewa kila kituo. Dinant inabakiziwa muda wa kununua sumaku ya friji. Kama ni lazima jina la Luxembourg litajwe, Place du Luxembourg iko hapo hapo mtaani kwako, na kituo cha treni kina jina hilo hilo. Piga picha ya kibao, panda treni.

3. Nunua tiketi kwa kiburi.

Raha ya kukata tiketi ukiwa mtaa huu ni kwamba sheria nyingi zinazombana muuzaji zimejadiliwa kwenye majengo unayoyaona dirishani. Zitumie kama mwenyeji. Ukiona maandishi mekundu yanasema ofa inakwisha baada ya dakika 10, kanywe kahawa kwanza. Kumdanganya mnunuzi kwamba kitu kitapatikana kwa muda mfupi tu, ili aamue haraka, kumepigwa marufuku na sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2005 kuhusu biashara isiyo ya haki. Ukikuta kisanduku cha bima au cha chakula cha mchana kimeshatiwa alama kabla hujakigusa, kifute. Kama umelipa bila kukiona, dai fedha yako: sheria ya 2011 ya haki za walaji inataka malipo ya ziada uyakubali wewe mwenyewe. Na tangu tarehe 28 Mei 2022, muuzaji anayeonyesha maoni ya wateja anatakiwa aeleze kama anahakikisha kuwa walioandika walisafiri kweli, na anahakikishaje. Asipoeleza, achana na zile nyota zake.

Sasa sogea karibu, maana sheria hizo hizo zina matundu mawili, na muuzaji anayajua kuliko wewe. Zile siku 14 za kubadili mawazo baada ya kununua kitu mtandaoni hazihusu tiketi ya burudani yenye tarehe maalumu. Na kinga ya sheria ya 2015 ya vifurushi vya safari, ile inayokurudishia fedha mwenye safari akifilisika, haigusi safari isiyofika saa 24 wala kuwa na malazi. Kwa hiyo usipoteze macho kwenye kurasa tano za masharti. Tafuta kitu kimoja: kughairi bure, mpaka saa ngapi kabla ya kuondoka. Usipokiona, usilipe kitu mapema.

4. Mkate mwongoza watalii vipande.

Njia ya mkato ninayoipenda ni hii. Badala ya kumlipia mtu akuongoze kutwa nzima, barabara kuu ikiwemo, mlipie saa ile tu unayomhitaji. Treni za Namur zinapita kituo cha Bruxelles-Luxembourg, chini ya uwanja wa Bunge. Nyingine zinaendelea mpaka Dinant. Isipoendelea, badilisha Namur. Kutoka Namur keti dirisha la kulia. Sehemu kubwa ya njia hiyo reli inafuatana na Meuse, na utaona majabali yakianza kusogea majini kabla hujafika. Hapo ulipo, umepata nusu ya korongo kwa nauli ya treni.

Ukishafika, mtafute mwongoza watalii wa mji wenyewe. Hapa usibane senti. Tarehe 23 Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliua raia wa Dinant. Waliokufa wanahesabiwa 674, watoto wakiwemo. Wiki moja kabla, Luteni kijana aitwaye Charles de Gaulle alipigwa risasi ya mguu akipigania daraja. Mto mwembamba na ngome juu ya jabali ndivyo vilivyowafanya watu wapiganie mji mdogo kiasi hicho, na mtu wa pale atakusimamisha mahali ambapo jambo hilo linaeleweka kwa macho. Mpe saa nzima. Zima simu.

5. Panda kwa kebo, shuka kwa miguu.

Ngome iko juu ya mwamba, na ngazi zake ni 408. Lipo pia gari la kebo. Panda nalo, tazama mto ukijikunja chini yako, kisha shuka ngazi taratibu na upigwe picha ukiwa katikati. Hakuna kamera iliyowahi kuonyesha kama mtu anapanda au anashuka. Hukusema uongo, umenyamaza tu. Halafu vuka daraja la de Gaulle, lenye saksofoni kubwa zilizopambwa kwa ajili ya nchi za Ulaya, kwa sababu Adolphe Sax, aliyeivumbua ala hiyo, alizaliwa mji huu mwaka 1814. Bosi wako wa ushirikiano wa kimataifa ataipenda picha hiyo.

6. Mtoni, chagua boti. Na kama ni kayaki, uliza maji.

Boti za msimu zinapanda mto hadi Anseremme, nyingine mpaka Freyr. Wewe unakaa, korongo ndilo linalotembea. Ukitaka kuonekana shujaa, kuna kayaki kwenye mto Lesse, unaoingia Meuse pale Anseremme. Chukua kipande kifupi kinachoanzia Gendron, kilomita 12, siyo cha Houyet, kilomita 21. Mikono yako ni ya kompyuta.

Hapa ujanja wangu unaishia. Maji yakipungua kayaki husimamishwa, yakizidi, vilevile. Mwenye kayaki akisema leo hapana, ni hapana, hata kama ulishawaahidi wa nyumbani picha. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 ndani ya korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, na mmoja wao alikuwa mwongoza wageni aliyelijua korongo lile. Dinant nayo ilipigwa na mafuriko Julai 2021, maji yakasomba magari barabarani. Swali la kwanza kwa yeyote anayekupeleka mtoni, Ubelgiji au Kenya, liwe hali ya mvua upande wa juu wa mto.

7. Zawadi: couque de Dinant.

Ni biskuti ya unga na asali tu, iliyogandamizwa kwenye kibao cha mti kilichochongwa samaki, ua au nyumba, na ikitoka kwenye oveni inakauka ikawa ngumu kabisa. Usiing'ate mbele ya watu. Ivunje kwenye pembe ya meza, weka kipande mdomoni, kiache kilainike chenyewe. Kwenye chai ya maziwa inakubali haraka zaidi. Haiharibiki njiani na inapendeza ukutani, kwa hiyo ukiisahau kabatini miezi sita bado ni zawadi.

8. Jisifu mahali sahihi.

Jioni ukishuka kituo cha Luxembourg, usirudi hotelini. Tembea mpaka Matonge, mtaa wa Wakongo huko Ixelles, siyo mbali, ukaagize samaki na ndizi. Ofisini Jumatatu ongeza chumvi upendavyo. Matonge punguza. Meza ya pili anaweza kuwa ameketi mtu wa Bukavu, aliyekua akiuona Ruzizi ukiporomoka kwenye magenge yake, mto unaoshuka karibu mita 700 kati ya ziwa Kivu na Tanganyika. Muulize yeye, halafu agiza samaki wa pili.