Zaburi ya Mkononi

Kijana wangu karudi likizo na tatuu. Si simba, si jina la msichana: ni msalaba kwenye mkono, na chini yake, anasema, Zaburi 23. Nilikuwa najiandaa kugomba kuhusu pesa, maana ada hadaiwi yeye, nadaiwa mimi. Kabla sijaanza, mzee wa kanisa akabisha hodi. Aliyempasha habari namjua, tunapakana ukuta.

Mzee akakataa chai. Tangu tufahamiane hajawahi. Nikajua hii ni kesi.

Akafungua Mambo ya Walawi 19, kidole juu ya mstari wa 28. Ni kweli, alama za mwilini zimekatazwa pale, pamoja na kujichanja kwa ajili ya wafu. Kijana wangu hajafiwa, kafeli tu. Nikapanda mstari mmoja: wa 27 unakataza kuharibu pembe za ndevu. Nikamtazama mzee. Kidevu kinang'aa kama sahani ya harusi, bado kinanukia spiriti ya kinyozi.

"Hayo ni ya Agano la Kale," akasema.

Sikumuuliza mstari wa 28 uko agano gani. Ahadi yangu ya ujenzi wa kanisa bado sijaimaliza.

Nikajaribu Misri. Wakristo wa Kikopti huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, wengine tangu utotoni, na imani yao ina karne nyingi kuliko bati la kanisa letu.

"Ndiyo maana Waisraeli walitoka huko," akajibu.

Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua mchele. Ni Mmakonde wa Newala, uso wake una nembo tangu usichanani: ngozi ilichanjwa, ikasuguliwa mkaa. Uso huohuo huenda Meza ya Bwana, na mzee ndiye humshika mkono ngazini.

"Na mimi, mwanangu, nikatubu wapi?"

Mzee akaomba chai.

Bibi akavuta mkono wa mjukuu, akashusha miwani, akasoma polepole: "Zaburi 32." Fundi kageuza namba. Hiyo ni ya mtu aliyeficha kosa mpaka mifupa ikachakaa, kisha akaungama. Mzee alicheka hadi chai ikamwagika kwenye kitambaa changu cha meza.

Sasa kijana anauliza kufuta ni shilingi ngapi. Mimi sitoi hata mia.