Kodi ya Jua

Jamani, shemeji yangu kafunga chuo. Anasoma Kiingereza. Analala kwenye kochi langu, anakula minofu, mie nanyonya mifupa. Sawa, ndugu wa mke humfukuzi. Lakini sasa kanigeukia hadi mwendo. Nimebeba ndoo zangu, nazunguka karo uani, karo liko kushoto kwangu, namsikia: "Shemeji, unakwenda widdershins."

Nikajua nimetukanwa. Nikaangalia zipu. Imefungwa.

Kumbe maana yake nazunguka kinyume cha mishale ya saa. Neno hilo Waskoti walilitoa kwa Wajerumani wa kaskazini: wedder ni kinyume, sin ni njia. Mwaka 1513 Gavin Douglas, padri na mshairi, alipotafsiri utenzi wa Virgil kwa Kiskoti, alilitumia kwa nywele zilizosimama kwa woga. Mie nywele zimebaki masikioni tu. Woga ukija, hauna cha kusimamisha.

Ikaja ikawa ni kwenda kinyume cha jua. Zamani huko Uskoti, ukilizunguka kanisa widdershins, wanasema mchawi huyo. Basi mke wangu kasikia neno mchawi. Ndoo akanipokonya.

Nikamuuliza shemeji, jua limeingiaje kwenye ndoo zangu? Akanichorea chini kwa kijiti. Uskoti jua la mchana linapita kusini siku zote. Ukilitazama, linatoka kushoto linakwenda kulia, kama mshale wa saa. Lakini sisi tuko Dar es Salaam, kusini ya ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita kaskazini yetu. Ligeukie: linatoka kulia, linakwenda kushoto. Yaani huku jua lenyewe linakwenda widdershins! Mie na ndoo zangu tunalifuata tu.

Mie nilidhani jua linapita juu, basi. Miaka yote dirisha langu la kaskazini linanichoma mwezi wa sita, wenzangu wamejifunika mashuka, mie najipepea na mfuniko wa sufuria. Nilikuwa namshuku jirani.

Nikaona hapa kuna hela. Nikamfuata baba mwenye nyumba, nikamweleza yote, Waskoti, ikweta, kijiti, nikamwomba apunguze kodi, maana chumba kinanikaanga. Mzee kasikiliza vizuri. Kanyamaza. Kakuna kidevu.

"Kwa hiyo miezi kama saba nguo zako zinakauka dirishani kwangu bure?"

Kapandisha kodi. Halafu kauliza, kistaarabu kabisa, Oktoba jua linahamia kwa nani. Nikamjibu, si najua sasa! Jirani yangu wa dirisha la kusini hanisalimii tena.