Yah: Rufaa ya Mgongo Wangu

Waheshimiwa wajumbe wa bodi mlionipima ulemavu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu imenifikia hapa Bomang'ombe. Ilinidondoka, ikabidi mjukuu aniokotee. Asanteni kwa asilimia 10 za ulemavu. Kwa hesabu hiyo asilimia 90 za mgongo wangu ni nzima, nami naomba mnionyeshe ziko upande gani, nizibebeshe mkungu wa ndizi hadi sokoni. Kila asubuhi nikivaa viatu nazitafuta, sizioni.

Mmeandika kwamba pingili zimesagika "kwa sababu ya umri". Umri ninao, sibishi. Ila umri huu una macho: magoti umeyapita, shingo umeipita, ukaenda kutua palepale kilipokaa kitako cha mzinga wa mota nilioubeba vitani kuanzia Mutukula, Januari 1979, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11. Ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa tulikwenda kwa miguu.

Mnadai pia fomu ya matibabu ya siku niliyoumia. Niliumia Lukaya, Machi 1979. Makombora ya Katyusha yalipopita juu ya vichwa vyetu, nilijitupa kwenye kinamasi, mota ikanifuata mgongoni. Karani wa masjala hakuwa karibu. Huenda alitoka kunywa chai. Mashahidi ninao wawili, wote wako Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Mkitaka kuwahoji, nendeni Julai 25, siku ambayo taifa huwakumbuka.

Mjumbe mmoja amebainisha kuwa niliingia chumbani kwenu bila kusaidiwa. Ni kweli. Na kiti mlichonipa nilikikataa, mkadhani ni ukakamavu wa kijeshi. Kukaa ndiko kunakoniua.

Mwaka 1978 nilipoandikishwa, kipimo kilikuwa chepesi: nilivua shati, nikagongwa mgongo mara moja, likaandikwa neno "mzima". Hakuna aliyetaja asilimia, wala aliyeuliza kama umri ungenifikia. Mwenye kuazima jembe hulirudisha na mpini wake. Kwa hiyo, kama asilimia 10 ndizo zenu za mwisho, bakini nazo, mnirudishie mgongo kama ulivyoandikwa siku ile.

Naomba kuwasilisha.

Wenu mtiifu, ambaye angeinama kwa heshima kama asilimia zingeruhusu,

Askari mstaafu wa Vita vya Kagera,
Bomang'ombe, Hai.