Barua ya wazi kwa kampuni iliyodukuliwa safari hii

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya ………………………,
S.L.P. …………,
Dar es Salaam.

YAH: SHUKRANI KWA MESEJI YENU YA MASIKITIKO, PAMOJA NA MAOMBI MACHACHE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la kampuni nimeliacha wazi, na naomba isichukuliwe kuwa ni utovu wa adabu. Barua hii nitaihitaji tena, na sioni haja ya kuichapa upya kila wadukuzi wanapohama mlango. Ubanaji huu wa matumizi mmenifundisha wenyewe. Meseji mliyotutumia juzi, ile inayoanza na "Ndugu mteja" na kutuhakikishia kwamba usalama wa taarifa zetu mnaupa uzito wa pekee, ndiyo ileile iliyotumwa na wenzenu waliodukuliwa kabla yenu. Mmebadilisha nembo tu.

Poleni sana. Tangazo lenu limeeleza kwa uchungu jinsi mlivyovamiwa, kwamba wavamizi ni watu wenye utaalamu wa hali ya juu, na kwamba mnashirikiana na vyombo husika. Nililisoma lote nikitafuta mahali nilipotajwa mimi. Nimo kwenye sentensi ya mwisho, naombwa radhi kwa usumbufu wowote utakaokuwa umejitokeza. Majina yangu matatu, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, mtaa ninaolala na namba ya ndugu wa kupigiwa nikipata dharura, vyote viko sokoni. Ndio usumbufu uliojitokeza huo.

Nasikia msemaji wenu amesikitika kwamba watu wanacheka, na kwamba wapo wanaowaita wezi mashujaa. Mimi siwaiti mashujaa. Mtu anayemwaga hadharani namba za simu za wajane na wanafunzi hana ushujaa wowote. Ila kicheko hicho kina umri sasa, na msemaji wenu anaonekana kijana, kwa hiyo naomba nimsimulie kilikotoka.

Aprili 2011 wadukuzi waliingia kwenye mtandao wa michezo wa Sony, ule wa PlayStation, wenye akaunti milioni 77. Tarehe 20 kampuni ikauzima. Tarehe 26 ndipo ikawaambia wateja kwamba taarifa zao huenda zimechukuliwa. Mei mosi wakubwa wake wakainama mbele ya kamera kule Tokyo, na wateja wakafutwa machozi kwa kuruhusiwa kuchagua michezo miwili ya bure. Mwezi Juni kundi la vijana lililojiita LulzSec likaingia kwenye tovuti ya Sony Pictures. Utaalamu wao wa hali ya juu ulikuwa hivi: pale kwenye tovuti ambapo mtu hutakiwa kuandika jina au neno analotafuta, wao waliandika amri, na kanzidata ikatii. Mbinu hiyo ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya miaka kumi. Ndani, kwa maelezo yao wenyewe, walikuta taarifa za watu zaidi ya milioni moja, na nywila zikiwa zimeandikwa waziwazi, kama orodha ya mahitaji ya sokoni.

Hapo watu wakacheka, na mimi siwalaumu. Mteja anaambiwa nywila yake asimtajie hata mwenzake wa ndani. Aweke herufi kubwa, namba na alama ya mshangao, asitumie jina la mtoto, abadilishe kila baada ya miezi kadhaa. Akishamaliza mateso hayo, mwenye tovuti anaipokea na kuiandika kama ilivyo, asome anayetaka. Vijana wale walikamatwa, na wanne wakahukumiwa London mwaka 2013. Mwaka huohuo Sony ilipigwa faini ya pauni 250,000 na msimamizi wa taarifa wa Uingereza, kwa ule uzembe wa PlayStation. Mwaka uliofuata Sony Pictures ikavamiwa tena, na katika yaliyovuja ilikuwemo folda iliyopewa jina "Password". Sitanii.

Mwaka 2015 ikawa zamu ya TalkTalk, kampuni ya simu na intaneti ya Uingereza, kwa mbinu ileile ya kuandika amri mahali pa jina. Wateja karibu 157,000. Mkuu wa kampuni alipoulizwa kama taarifa hizo zilikuwa zimefichwa kwa msimbo, alijibu kwamba hajui. (Ni jibu la kweli kuliko yote niliyowahi kuyasikia yakitoka kwenye ofisi ya mkurugenzi.) Mmoja wa waliokiri kosa alikuwa mvulana wa miaka 17, na aliiambia mahakama kwamba alikuwa anajionyesha kwa rafiki zake.

Lakini niipendayo hasa ni Equifax ya Marekani, maana wale biashara yao yenyewe ni kukusanya taarifa za watu na kuwaambia mabenki nani anakopesheka. Machi 2017 kiraka cha tundu lililokuwa kwenye programu yao kilitolewa, bure. Hawakukibandika pale kilipohitajika. Mei wezi wakaingia, wakakaa hadi mwisho wa Julai wakichota taarifa za watu wapatao milioni 147. Umma ukaambiwa Septemba 7. Kampuni ikafungua tovuti ya kuwasaidia waathirika, na ukurasa wake wa Twitter ukawaelekeza baadhi yao kwenye tovuti bandia, iliyotengenezwa na mtu aliyetaka kuonyesha jinsi ile halisi ilivyo rahisi kuigwa. Kisha ikawazawadia mwaka mmoja wa ulinzi wa bure, unaotolewa na Equifax yenyewe. Mlinzi amelala lindoni hadi vyombo vyote vimebebwa, asubuhi anabisha hodi kuomba kazi ya ulinzi. Mwaka 2019 yakafikiwa makubaliano ya kulipa hadi dola milioni 700, na watu wakaambiwa wanaweza kuomba dola 125 taslimu. Waliomba wengi mno, mpaka serikali ikabidi iwatangazie kwamba fungu hilo halitatosha, heri wachague ulinzi.

Mwambieni basi msemaji wenu kwamba wanaocheka ni watu waliokaa kwenye foleni zenu. Na kwa kuwa nami nimekaa, naingia kwenye ombi langu kuu.

Naomba dirisha namba tatu, lile lenye kibao cha "Limefungwa", wapewe wadukuzi.

Sababu ninazo. Nilikuja kwenu kurekebisha jina. Kwenye kumbukumbu zenu mimi ni Abdalah, kwenye kitambulisho cha taifa ni Abdallah. Herufi moja. Mkaniagiza barua ya serikali ya mtaa, kiapo cha wakili chenye mhuri, nakala ya kitambulisho mbele na nyuma, na picha mbili za paspoti zenye rangi ya bluu nyuma. Nikaleta. Mtandao unasumbua, njoo kesho. Nikaja kesho. Dada wa dirishani, mpole kabisa, akaniambia faili langu halionekani, nilete vyote upya, na picha za safari hii ziwe na rangi nyeupe nyuma. Nikaleta. Mtandao unasumbua.

Basi orodha yenu ilipovuja, kijana mmoja wa mtaani aliifungua kwenye simu yake akanitafutia. Sikukaa hata dakika. Nilikuwepo, mstari mzima umenyooka: Abdallah, l mbili. Kumbe marekebisho mlishayaingiza siku nyingi. Waliokuwa hawayaoni ni mimi na yule dada.

Ndipo nikawaza, kwa nini tusiwarudishie kazi wanaoiweza? Dirisha namba tatu wakae wao. Wapewe sare zenu na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Chai ya saa nne hawataidai, maana kazi zao ni za usiku, na za sikukuu, hasa sikukuu. Mteja akifika haulizwi nakala ya kitambulisho, kwa sababu wanayo. Haulizwi picha, wanazo zote mbili, ya bluu na nyeupe. Hata ile niliyopigwa sijanyoa ndevu wanayo, ile mliyosema haikubaliki. Fomu haijazwi kwa herufi kubwa kwa peni nyeusi. Fomu tayari imejaa. Mtu ataitwa kwa jina lake kamili kabla hajaketi, ataulizwa habari za mtaani kwake, na kama amesahau tarehe ya kuzaliwa ya mkewe atakumbushwa kwa heshima. Yule babu wa kijijini ambaye vidole vyake vimesagwa na jembe hata mashine yenu haivisomi, na ambaye mmemwambia apake mafuta arudi wiki ijayo, wao watamtolea alama zake za zamani, za siku mashine ilipokuwa na hisani. Na sentensi ile, Mkurugenzi, hataisikia mtu tena. Mtandao uleule ambao kwangu unasumbua tangu saa mbili asubuhi, wao waliupakia taarifa za wateja wenu wote na haukukatika.

Kama mnahofia mshahara wao, ondoeni hofu. Wateja wanao tayari, wanalipwa na waliowauzia.

Maombi yangu mengine ni madogo. Kwenye fomu futeni swali la jina la shule niliyosoma msingi, hamjawahi kunitembelea. Yule mlinzi wa getini kwenu anayeandika namba za vitambulisho kwenye daftari la mistari, ambalo kila mgeni anayesubiri kalamu hulisoma ukurasa mzima, mnunulieni hata karatasi ya kufunikia. Zile "ofa kwa ajili yako tu" za saa kumi na moja alfajiri zisitishwe angalau hadi jasho la wezi likauke. Na msiseme tena "baadhi ya wateja". Semeni wangapi.

Hili linalofuata sina adabu nalo. Mwishoni mwa 2019 nchi nzima ilipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa matapeli sasa watajulikana. Tukaweka vidole. Miaka yote hii bado simu inaingia meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na sasa haitumwi kwa kubahatisha. Kuna mama mtaani kwetu anauza vitumbua. Alipigiwa simu na mtu aliyemtaja majina yake yote matatu, mtaa wake, na kiasi alichokuwa amemtumia mwanawe siku iliyotangulia. Nani angesema huyo si mfanyakazi wenu? Alimjibu kila alichoulizwa, kwa sababu mmemzoesha kujibu kila anachoulizwa na ninyi. Mtaji ukaisha hapohapo, akiwa bado ameshika kijiko. Alipokuja kwenu kulalamika mkamwambia kosa ni lake, alitaja namba ya siri. Kosa lake! Mtu aliyempigia alikuwa anasoma faili lenu, mstari kwa mstari, na ninyi mnamfundisha mama wa watu usiri. Mkamtoa nje na kipeperushi chenye picha ya kufuli.

Samahani, nimepandisha sauti. Turudi kwenye heshima.

Sheria tunayo, na sijaja kuwatishia nayo maana najua wanasheria wenu ni wengi kuliko watu wenu wa mitambo. Kenya tangu 2019 sheria yao inampa mtunza taarifa saa 72 za kumjulisha Kamishna zikishavuja. Sisi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ipo. Benki Kuu nayo, mwishoni mwa 2024, ilizitaja programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, baada ya watu kuchoka kupigiwa simu za madeni ya mashemeji zao. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba hatujui cha kufanya. Funikeni nywila. Bandikeni viraka vinapotolewa. Msichukue taarifa msizozihitaji, na mlizoacha kuzihitaji mzifute. Zikivuja, tuambieni siku hiyohiyo ni zipi, ili yule mama ajue kwamba mpigaji anayejua majina yake si lazima awe mtu wenu. Na fidia yake mlipe kwa fedha, mtaji wote aliopoteza, bila kumuagiza barua ya serikali ya mtaa.

Mkihitaji ufafanuzi, namba yangu mnayo. Naomba msinipigie. Siku hizi mtu akiniambia anatoka kwenye kampuni yenu, huwa nakata simu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Abdallah
Mteja