Nani Kamweka Franco Kwenye Krismasi?

Sharti la baba mkwe wangu lilikuwa moja tu: wimbo usiotaja kuzaliwa kwa Yesu haupigwi nyumbani kwake tarehe 25. Alilituma kwenye grupu la familia la WhatsApp, herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho, akaongeza kwamba kila wimbo ataukagua mwenyewe. Ni mwalimu mstaafu. Shule aliiacha, kalamu nyekundu akaondoka nayo.

Ukatibu wa nyimbo nikapewa mimi. Hoja ilikuwa kwamba mimi ni Mwanglikana wa Muheza niliyeolewa kwenye ukoo wa Kilutheri wa Marangu, kwa hiyo sina upande. Anayejua ukweni anajua maana yake: asiye na upande hulaumiwa na pande zote. Nikafungua daftari, kila mtu akaleta nyimbo azipendazo, na kabla hatujatoka Dar es Salaam orodha ilikuwa inaweza kutufikisha Pasaka.

Njiani watoto ndio walioshika simu iliyounganishwa na redio ya gari. Mariah Carey alianza kabla ya Chalinze. Segera alikuwepo, Mombo alikuwepo, na tulipofika Same mume wangu alishuka kununua maji akakawia kuliko maji yanavyohitaji. Ule wimbo ulitoka mwaka 1994, ila kwao Marekani haukushika namba moja mpaka Desemba 2019. Miaka 25 ya kucheleweshwa, sisi tuliifidia yote kati ya Chalinze na Mwanga.

Mchujo ulifanyika mkesha wa sikukuu, barazani, baada ya chai. Mimi nasoma, Baba anahukumu.

Tukaanza na Jingle Bells, ombi la wajukuu. Baba akauliza unahusu nini. Mpwa wangu wa kidato cha pili akaeleza: farasi, kigari cha kuteleza kwenye theluji, kengele.

"Yesu yuko wapi humo?"

Hayupo. Na kwa haki ya Mungu hayupo: James Lord Pierpont, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1857, hata Krismasi yenyewe hakuitaja. Kalamu ikapita. Wadogo wakaangua kilio, wakapewa ndizi.

White Christmas ulikuwa wa wifi yangu mkubwa. Baba alinyoosha kalamu kuelekea Kibo, ambako wingu lilikuwa limefunguka kidogo. "Theluji ile pale. Sijaona ikimzalia mtu mtoto." Wifi ni mwanasheria, hashindwi kirahisi. Akasema mtunzi wake, Irving Berlin, alikuwa Myahudi, na Yesu alikuwa Myahudi, kwa hiyo mtu huyo ana undugu na mwenye sikukuu kuliko sote tuliokaa pale. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Undugu upo. Kuzaliwa hakupo."

Basi Bing Crosby, ambaye alivuma na wimbo huo tangu 1942 na anatajwa kuwa na singo iliyouzwa kuliko zote duniani, akaangukia Marangu.

Shemeji yangu mdogo aliomba Last Christmas wa Wham!, wa mwaka 1984. Alipoulizwa unahusu nini, alijibu kwa sauti ya chini kwamba ni mapenzi yaliyoharibika. Sote tukaangalia vikombe vyetu, maana posa yake ilikuwa imerudishwa na habari bado mbichi. Mpwa akajaribu kuokoa jahazi kwa kusema George Michael, aliyeutunga, alifariki siku ya Krismasi yenyewe, mwaka 2016. Haikusaidia. "Pole, mwanangu," Baba alisema, akaukata. Ni wimbo pekee uliokatwa kwa pole.

Do They Know It's Christmas? haukufika hata kwenye kalamu. Baba Mdogo, aliyefanya kazi Addis Ababa miaka mingi, aliurukia nikiwa bado nasoma kichwa. Kwamba ulirekodiwa Uingereza mwaka 1984 kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, hilo hakulipinga, na michango kweli ilipatikana. Kilichomkera ni lile swali. "Wahabeshi waulizwe kama wanajua Krismasi? Watu wana Ukristo tangu karne ya 4! Na Krismasi yao ni tarehe 7 Januari. Desemba wajue nini, kwani wao ni Waingereza?" Alikuwa amesimama. Tukaacha muziki, tukamtafutia maji.

Mambo yalikuwa yakienda hivyo, kwa haki na ukali, mpaka nikasoma jina la Jim Reeves.

Jim Reeves ni wa Mama. Ana kaseti ya Twelve Songs of Christmas, kasha limepasuka, na hairuhusiwi kuguswa na mtu. Rekodi ile ilitoka mwaka 1963, na Julai 1964 mwenyewe akafa karibu na Nashville kwa ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha, kwa hiyo Mama amekula Krismasi na marehemu tangu akiwa msichana. Nikasoma wimbo mmojawapo, An Old Christmas Card.

"Kadi?" Baba aliuliza. "Kadi imezaliwa wapi?"

Mama akainuka. Akachukua sufuria la mtori lililokuwa mezani, akarudi nalo jikoni. Hakusema neno.

Baba alitazama mahali sufuria lilipokuwa. "Sauti ya Jim Reeves yenyewe ni ya kanisani," alisema hatimaye, kwa sauti ya kufika jikoni. "Apite. Wote kumi na wawili."

Sufuria likarudi, na sheria haikupona tena. Haleluya Kuu ya Handel ikapita bila swali, kwa kuwa kila kwaya nchini huiimba Krismasi. Mimi niliyelelewa kwenye kwaya najua kwamba katika Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, Haleluya inakuja mwisho wa sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuko, hori la ng'ombe limeachwa mbali nyuma. Niliuangalia mtori, nikanyamaza.

Boney M. alikuwa wa Baba mwenyewe, na hapo hapakuhitajika hukumu, maana Mary's Boy Child unamtaja mtoto, mama yake na Bethlehemu, vyote pamoja. Wengi tunaudhani ni wao. Aliyeutunga ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi, na Harry Belafonte akaurekodi mwaka 1956, Belafonte yuleyule aliyekuja kuimba Malaika na Miriam Makeba. Boney M. wakauchukua mwaka 1978 kutoka Ujerumani, wakautia ngoma ya disko, na tangu hapo sijui kama kuna stendi ya mabasi Afrika Mashariki iliyopitisha Desemba bila wao. Baba alikuwa mwalimu kijana wakati huo. Kuna picha ya suruali yenye miguu mipana ambayo Mama huitoa akiudhiwa.

Kosa alilifanya mpwa, kwa nia njema kabisa. Alisema yule mwanamume wa Boney M., Bobby Farrell, kwenye rekodi hakuwa anaimba. Sauti ile nzito ni ya prodyuza Mjerumani, Frank Farian, studio, na Farrell kazi yake jukwaani ilikuwa kucheza.

"Nani kakwambia?"

"Intaneti, Babu."

"Mimi nilimwona akifungua mdomo," Baba alisema, akafunga kikao.

Kilichobaki ni rekodi ya tarumbeta za usharika. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na huu upulizaji ni urithi wa Kijerumani ambao Wachagga wameufanya wao. Wimbo wa kwanza kwenye rekodi ni ule waliouanzisha Joseph Mohr na Franz Gruber kwa gitaa pale Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa 1818, ambao dunia nzima inaujua kama Silent Night. Baba amepuliza humo. Tarumbeta zinakwenda polepole mno, na katikati ya ubeti wa pili mbuzi analia, lakini hakuna aliyethubutu kupendekeza ufupishwe. Ukawekwa wa kwanza.

Sasa spika. Shemeji aliinunua Kariakoo, ile ya magurudumu yenye taa za rangirangi na mwanamke ndani yake anayetangaza kwa Kiingereza kila simu inapoungana nayo. Tuliiweka chini ya mparachichi uliopo mpakani, maana ndiko kwenye kivuli. Mparachichi huo una historia. Shina liko kwetu, matawi mazuri yako kwa jirani, na Baba na Babu wa upande wa pili walikuwa hawasalimiani vizuri tangu msimu mmoja ulipozaa kupita kiasi. Kati yetu ni ua wa masale tu. Kijana wao naye, kumbe, alitoka Dar na spika. Duka lile lile, pengine siku ile ile.

Tukatoka ibadani, ndafu ikaletwa, mchungaji akaomba. Mpwa, fundi mitambo wa siku hiyo, akashika simu, akaona jina la spika limejitokeza mara mbili, akachagua la juu. Baba akajiweka sawa kitini asikilize tarumbeta yake.

Ikatoka gitaa. Tamu, la taratibu, likijizungusha lenyewe, kisha sauti ya mwanamume ikilalamika kwa Kilingala. Mimi niliutambua kwenye pigo la tatu: Franco na TPOK Jazz, Mario, wa mwaka 1985, habari za kijana anayetunzwa na mwanamke aliyemzidi umri. Mbele ya mchungaji. Na Mario si wimbo wa kupita. Una zaidi ya dakika kumi.

"Katibu," Baba alisema bila kugeuka, "hii inataja kuzaliwa kwa nani?"

Kabla sijafungua mdomo Shangazi, ambaye masikio yamechoka, akainua mkono. "Acheni kelele. Anamwimba Maria, hamsikii? Maria, Maria."

Mchungaji akatikisa kichwa kwa heshima. Sijui kama alifanya hivyo kwa ajili ya Maria au Mario, ila mguu wake chini ya meza ulikuwa unajua vizuri gitaa linaelekea wapi. Mpwa alikuwa anabofya simu jasho linamtoka. Kwenye kioo chake Silent Night ulikuwa unasonga bila wasiwasi wowote.

Ndipo akatokea mtoto mdogo wa jirani kwenye upenyo wa masale, kavaa suti.

"Shikamooni. Babu anauliza, nani amefariki?"

Kimya. Franco tu.

"Marahaba. Hajafa mtu," Mama alisema. "Kwa nini?"

"Tunasikia tarumbeta za mazishi. Na mbuzi."

Nilimwona Baba akielewa kwa hatua: kwanza spika, halafu tarumbeta yake, halafu neno mazishi. Hatua ya mwisho ilimkaa usoni. Vijana wa pande mbili wakakimbilia kwenye ua kila mmoja na simu yake, wakaanza kuunganisha na kukata. Kwa muda mwanamke wa kwetu alitangaza kwa Kiingereza, akajibiwa na mwanamke wa kwao ng'ambo, huku Haleluya ikianzia kwetu na kumalizikia kwao. Halafu umeme ukakatika. Tulidhani Mungu ameamua, tukasahau kwamba spika za siku hizi zina betri. Franco akarudi kwetu, sasa yuko kwenye sebene.

Babu wa jirani alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akipitia kwenye upenyo ambao hakuwa ameupita kwa miaka.

"Mwalimu, Krismasi njema. Nimekuja kuchukua Franco wangu."

Baba alimtazama. Akatazama mchungaji. Akamsogezea kiti.

"Kaa kwanza. Bado hajamaliza."

Wakala mbuzi. Maparachichi hayakutajwa, ingawa moja lilianguka katikati ya maongezi na wote wawili wakajifanya hawakulisikia. Franco alipokwisha ikabidi wakubaliane kinachofuata, na hapo hapakuwa na mjadala, maana mgeni naye alikuwa na suruali ile enzi hizo. Boney M. upigwe pande zote mbili. Vijana wakasimama kwenye masale, mmoja akahesabu, wakabofya. Spika ya kwao ikatangulia kidogo. Ya kwetu ikafuata nyuma, kila neno likaimbwa mara mbili kama watu wawili wanaobishana kwa kukubaliana.

"Simamisheni," Baba alisema. "Anzeni upya. Sikilizeni hesabu."

Walianza upya. Walianza upya tena. Mchungaji akajitolea kuhesabu yeye. Baba na jirani yake walikuwa wamesimama, wakibishana ni spika ya nani inayochelewa, na ni yupi kati yao aliyewahi kucheza kama Bobby Farrell pale mjini Moshi.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. "Mkishalingana, Jim Reeves wangu yuko wapi?"

Mpwa alikagua simu, akaangalia ng'ambo, akamtuma yule mtoto wa suti. Mtoto alirudi peke yake, mdomo umejaa keki.

"Bibi amesema yuko huku kwetu, na hamrudishi mpaka azimalize zote."